Kura ya Kwanza

Jumamosi, 18 Septemba

Mvua ya kwanza ya msimu imetukuta mchezoni. Ilipiga mabati mpaka sikusikia kitu, nikamwambia Anatole arudie vocal yake, ujumbe wake wa sauti, mara tatu. Akakasirika. Akasirike tu, kanuni ni kanuni.

Daftari la kiangazi limejaa, naanza hili. Atakayeliokota asifikiri ni mambo ya vita: ni daftari la mchezo wa Chui. Tunacheza kila Jumamosi saa nane mchana kwenye grupu ya WhatsApp, sisi saba tuliosoma unesi pamoja. Mimi Adolphine ndiye mwendeshaji. Wenzangu wananiita Chef, na wakinuna wananiita Mama Kanuni. Naokota vikaratasi kwenye kikombe, kisha namwandikia kila mmoja pembeni yeye ni nani: mmoja Chui, mmoja mganga, wanne wanakijiji. Hakuna anayejua ya mwenzake. Kijiji kinapiga kura kumfukuza mtu kinayemshuku. Halafu natangaza usiku, hata jua likiwa linawaka, na Chui ananiandikia pembeni anamla nani, mganga naye anamkinga nani. Asubuhi inatangazwa, kura tena, hivyo hivyo mpaka Chui afukuzwe au abaki na mtu mmoja.

Kura inapigwa kwa sauti na inakuwa na sababu. Bila sababu haihesabiki. Sababu zote naziandika humu, ili kesho mtu asiniambie hakusema.

Wachezaji: Lionel na Ketsia, wa hapa Baraka. Vanessa na mume wake Norbert, wa Nundu. Wanalala kitanda kimoja, wanacheza kwa simu mbili, na bado wanadanganyana. Anatole wa Ubwari, ambaye lazima apande kwenye jiwe juu ya kijiji ndipo apate network. Na Uwamwiza wa Bibokoboko, huko juu kwenye baridi na ng'ombe. Yeye ndiye hufungua mchezo kila mara: "Haya, leo munaanza na nani?"

Wameanza na yeye. Kura nne. Ketsia: "Leo ananyamaza sana." Norbert: "Sauti yake iko pole. Muntu wa sauti pole iko na kitu anaficha." Anatole: "Network yake inakatikaka, ile ni alama." Lionel: "Roho yangu tu inamukataa." Nikamwambia roho si sababu. Akasema, "Basi andika, anacheka mbele ya kuulizwa." Nikaandika.

Chui alikuwa Lionel mwenyewe. Aliwala wote huku akiapa kwa jina la marehemu mama yake kwamba yeye ni mganga. Marehemu nilimwona juzi sokoni akichagua ndagala.

Jumatatu, 20 Septemba

Mvua. Nimezalisha watatu, wote wasichana.

Jumamosi, 25 Septemba

Kura ya kwanza: Uwamwiza. Norbert: "Leo anasema mingi." Wiki iliyopita alinyamaza sana, leo anasema mingi. Sawa, nimeandika.

Kikombe kilimpa Ketsia uchui, maskini. Ketsia anaimba kwenye korali, anakaa kwa mjomba wake shemasi, na tangu nimjue hajawahi kudanganya hata kwamba ameshiba. Vanessa alimuuliza moja kwa moja kama ndiye yeye, "Ketsia, we njo Chui?" Tukasikia anapumua kwenye vocal, kisha: "Ni miye. Munisamehe." Mchezo uliisha kwa dakika kumi na moja. Lionel alimtukana mpaka mégas za simu zikamwishia. Mimi nilimpenda zaidi kwa hilo. Mtu kama huyo unaweza kumwachia mtoto wako na ufunguo wa nyumba.

Jumatano, 29 Septemba

Lionel ameleta mama wa kujifungua kwa moto yake, yaani pikipiki. Ana diploma kama mimi lakini kazi hakupata, basi anabeba watu kati ya hapa na Nundu. Alimwambia titulaire, mkuu wa kituo chetu cha afya, kwamba huyo ni dada yake wa tumbo moja, apokelewe kwanza. Ni dada wa nne mwezi huu. Mtoto alitoka salama, lakini nimemwambia Lionel wazi kwamba anadanganya kama anavyopumua. Akasema, "Mi sidanganyake, Chef. Mi nafupisha njia." Kaka yake mkubwa yuko na vijana wenye bunduki wa barrière ya juu, kile kizuizi cha njia ya milimani. Familia nzima siiamini.

Jumamosi, 2 Oktoba

Network imekufa tangu Alhamisi. Hatukucheza.

Jumamosi, 9 Oktoba

Kura ya kwanza: Uwamwiza, kura tano kwa moja. Vanessa: "Kule kwabo juu, nani anajua banafanya nini." Nilimwambia hiyo si sababu ya mchezo. Akasema basi, "Anachelewaka kujibu." Nikaandika ya pili, ya kwanza nikaipiga mstari. Sasa naiandika tena kwa sababu ilisemwa.

Uwamwiza alitutumia vocal ya kucheka, ng'ombe wakilia nyuma yake: "Mi nakufaka asubuhi na mapema. Ni muzuri, napata saa ya kukamua." Tulicheka sana, hata mimi nilicheka mpaka Mama akaja kuangalia.

Jumanne, 12 Oktoba

Tangu alfajiri milio ya bunduki huko juu. Wagonjwa wamekuja wachache. Mama amefunga nguo zetu kwenye kitenge kikubwa na kukiweka karibu na mlango, kama alivyofanya nilipokuwa mdogo, kabla hatujavuka kwenda Tanzania. Mimi kusoma na kuandika nilijifunzia kambini Nyarugusu, ndiyo maana wenzangu wanasema Kiswahili changu ni cha redio.

Alhamisi, 14 Oktoba

Wanasema Bibokoboko imechomwa. Moshi unaonekana mawingu yakifunguka. Watu wa huko juu wamekimbia, wengine wako karibu na kambi ya askari, wengine porini na mvua hii. Nimempigia Uwamwiza mara ishirini, simu imezimwa.

Kwenye grupu hakuna aliyesema neno. Vanessa ametuma mstari wa Zaburi, bila kusema ni wa nani. Jioni Lionel aliniandikia pembeni: "Uko na habari ya Uwamwiza?" Sikumjibu. Kwa nini anauliza? Kaka yake anataka kujua nini?

Jumamosi, 16 Oktoba

Tumecheza. Naandika bila kujitetea: tulikuwa na hofu, na saa nane ilipofika kila mtu alikuwa kwenye simu yake, basi tukacheza watano.

Kura ya kwanza ilichukua dakika arobaini. Kwa kawaida inachukua tano. Hakuna aliyejua aanze na nani. Mwishowe Anatole akasema kutoka kwenye jiwe lake, "Bila Uwamwiza sijue munaanzaka na nani." Nilisikia upepo kwenye vocal yake, kisha ikakatika.

Nikafunga mchezo. Nimechukua daftari la kiangazi na hili, nikahesabu. Michezo iliyokamilika tangu Julai ni kumi na moja. Uwamwiza amefukuzwa wa kwanza mara kumi na moja. Chui alikuwa mara moja tu. Sababu ziko humu kwa mkono wangu: ananyamaza, anasema mingi, anacheka, hacheki, anachelewa, anajibu haraka mno. Mimi najiita Mama Kanuni, na sikuona. Nimeona aibu peke yangu hapa mezani.

Jumanne, 19 Oktoba

Yuko hapa.

Alikuja saa sita mchana, mvua ikimwagika, kitenge kimefungwa kama mama wa shamba na fungu la sombe, majani ya muhogo, kichwani. Nilikuwa napeta mchele barazani. Nilidhani ni muuzaji, nikamwambia hatununui. Akasema, "Chef, ni mi." Daftari, sikumtambua. Amekonda kwa siku saba kama mtu aliyeugua mwezi. Simu aliitupa mtoni, kwa sababu barrière wanakagua simu. Amemwacha baba yake, mzee Sebineza, karibu na kambi ya askari huko juu, mzima. Ng'ombe wameisha. Yeye alitoka kwenda kutafuta dawa za wagonjwa, risasi zikaanza, njia ya kurudi ikafungwa, akabaki na njia ya kushuka. Alivuna sombe kwenye shamba lililoachwa, akapita barrière nayo.

"Hawakukuuliza?" nilisema.

"Baliniita, nikatembea tu. Halafu nyuma yangu muntu mumoja akabaambia kitu, sikugeuka, bakaniacha."

Mama Marthe, mama yangu, hakuuliza chochote. Alisema, "Ingia kwanza, nguo zikauke." Baadaye, tukila, akasema, "Mwaka wa kukimbia, mama moja wa Ubwari alinificha chini ya nyavu siku mbili, na we Adolphine kwa mugongo. Jina yake sijue mpaka leo." Kisha akampa Uwamwiza jina: Georgette, mtoto wa dada yake wa Nundu.

Tumepanga: Anatole aje na boti, ampeleke Ubwari, kutoka huko avuke mpaka Burundi. Ana shangazi Bujumbura, Mukankuranga. Hapa mjini, mtu wa kabila lao la wafugaji akikamatwa siku hizi, wanasema anakwenda kuulizwa. Mwezi huu nawajua wawili waliokwenda kuulizwa. Hakuna aliyerudi.

Jumatano, 20 Oktoba

Anatole amekubali bila kuuliza mara mbili. Lakini ziwa limechafuka, hakuna boti inayotoka.

Alhamisi, 21 Oktoba

Ziwa limechafuka. Mimi niko zamu, Mama yuko shambani, Uwamwiza hawezi kubaki peke yake nyumbani mlango umefungwa, majirani watauliza. Nimefikiri usiku kucha nani nimwambie. Miezi minne nimewatazama watu hawa wakidanganya, nawajua kuliko mama zao. Lionel hapana, kamwe. Nimemwambia Ketsia. Alilia, akaleta nguo zake mbili na mkate, akakaa naye mpaka nikatoka kazini. Walikuwa wanaimba polepole wakichambua maharage.

Ijumaa, 22 Oktoba

Ziwa limechafuka.

Jumamosi, 23 Oktoba

Grupu walitaka mchezo, na kukataa kungewashangaza. Niliendesha nikiwa nimekaa kitandani, Uwamwiza kando yangu na kisikio kimoja cha simu. Kwenye grupu yeye hayupo. Alisikiliza kura zote. Safari hii walianza na Norbert.

Nikazima simu. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha vizuri, na maneno yote yakanikimbia. Nikasema, "Tulikuwa tunaanza na we kila mara."

"Najua."

"Kwa nini hukusema? Mbona ulikuwa unacheka?"

Akaniangalia. "Adolphine, kule juu Jumamosi mi niko na ng'ombe na mvua. Marafiki yangu njo nyinyi. Nikikasirika, nitacheza na nani?"

Nimelia, naye ndiye aliyenibembeleza. Ni aibu lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu, 25 Oktoba

Ziwa. Mawimbi yanafika kwenye njia.

Jumatano, 27 Oktoba

Ziwa. Jirani amemuuliza Mama huyo mgeni anaondoka lini. Mama amejibu akipona tumbo.

Alhamisi, 28 Oktoba

Upepo umepungua. Anatole anasema Jumamosi asubuhi, pwani ya kusini, mbali na soko.

Jumapili, 31 Oktoba

Naandika ya jana.

Anatole alifika na boti saa mbili asubuhi, akatuandikia tungoje mpaka saa nne, kuna askari wanaoga pale. Tulikuwa barazani tukipeta mchele, Uwamwiza ana ungo magotini, ili tuonekane tuko kwenye kazi zetu. Saa tatu na nusu wakaja vijana watano. Mmoja alikuwa na jaketi la mvua la njano na bunduki, ndiye aliyekuwa anasema.

"Mama, huyu bibi ni nani?"

"Mutoto wa dada yangu, Georgette wa Nundu," alisema Mama. Hakuacha kupeta.

"Tumeambiwa si muntu wa Nundu. Aseme yeye."

Uwamwiza akasema, "Njo vile, natoka Nundu."

Walimzunguka kama wanunuzi. Mmoja akasema, "Ananyamaza sana, huyu." Wa pili akasema, "Na sauti yake iko pole." Wa tatu akasema hacheki. Nilisimama na mikono imejaa mchele. Yalikuwa maneno ya daftari hili, moja moja, kama mtu amewasomea. Mimi ninayewafokea watu kila Jumamosi, nilikuwa bubu.

Jaketi la njano akasema, "Tunaenda naye kwa barrière. Batamuuliza kule."

Mama akashika mkono wa Uwamwiza. Kijana akaanza kumbandua vidole, kimoja kimoja, bila hasira. Hapo tukasikia moto inanguruma.

Lionel aliingia na moto mpaka barazani, akakanyaga mchele wangu. Hakuwasalimia. "Georgette!" alipiga kelele. "Siku kumi! Natembea Nundu, natembea Mboko, nauliza hospitali zote, kumbe uko huku unapeta muchele?"

Niliona kifo. Nilijua kaka yake amemtuma, nikajua sasa ndio mwisho. Sikuelewa hata jina alilijulia wapi.

"Unamujua?" akauliza jaketi la njano.

"Namujua? Muulize yeye kama ananijua! Baba yake anangoja mbuzi yangu, mi nangoja bibi yangu, na yeye anakimbia sababu ya maneno ya watu. Mama Marthe, na we pia unamuficha? Mama muzima?" Akageukia vijana. "Bandugu, munaona mambo yangu?"

Uwamwiza alikuwa ameinamisha kichwa. Alikiinua polepole, akachota mchele kwenye ungo na kumrushia Lionel usoni.

"Rudia kwa ule bibi wa Mboko!" alisema. "Rudia kwake! Kwanza baambie hapa mbele ya bantu. Ulisema uko na nyumba ya mabati. Mabati iko wapi?"

"Mabati iko njiani!"

"Mwaka mbili iko njiani! Inatembea na miguu?"

Kijana mmoja akacheka. Halafu wa pili. Jaketi la njano akajaribu kukaza uso. "Lionel, hata bibi anakushinda?"

"Munisaidie, bandugu," alisema Lionel, na Mungu ni shahidi, macho yake yalikuwa na machozi. "Muniombee. Mi sina maneno tena."

Basi vijana wale waliokuja kumchukua wakaanza kumbembeleza apande kwenye moto ya bwana wake. "Dada, musamehe, banaume njo vile." Akakataa. Nikasema moyoni, panda, mjinga we, panda! Wakambembeleza tena. Akakataa mara ya pili, akawageuzia mgongo, akaendelea kupeta mchele. Jaketi la njano mwenyewe akamwondolea ungo magotini, akauweka chini kwa heshima. "Dada, panda. Akikutesa tena, kuya unione mi."

Ndipo akapanda, akinuna. Hakumshika Lionel hata kiunoni, alishika chuma cha nyuma kama mwanamke mwenye hasira kweli. Wakaondoka. Vijana wakawapigia makofi, wakamwomba Mama maji ya kunywa, akawapa.

Kumbe sikuwahi kumwona Uwamwiza akicheza. Michezo kumi na moja, na hatukumpa hata mmoja afike kura ya pili.

Lionel alirudi saa saba, suruali imelowa mpaka kiunoni. "Amepanda boti," alisema. Nikamkalisha, nikamuuliza ni nani alimwambia.

"Ketsia. Mujomba wake alimuuliza jana jioni, kwa meza: yule mugeni wa kwa Mama Marthe ni nani? Ketsia hakuweza. Akasema yote. Mujomba akaenda kwa chef de quartier, mukubwa wa mutaa, anaogopa na yeye. Leo asubuhi Ketsia akanipigia, analia: hapa banamuita Georgette, mi siwezi kudanganya, we kimbia, we unaweza."

"Kwa hiyo umejua leo asubuhi."

Akacheka kidogo. "Mi najua toka siku alishuka, Chef. Nilikuwa kwa barrière nangoja client wa kubeba. Kaka yangu akamuita, nikabaambia muache huyo, ni bibi wa shamba, iko na kifua kikuu, atawakoholea nyote. Nilingoja uniambie iko kwako. Haukuniambia."

Niliokota mchele mpaka Mama akaniambia niache, umeshachanganyika na udongo.

Jumatano, 3 Novemba

Uwamwiza amevuka. Anatole anasema alitapika njia nzima.

Ijumaa, 5 Novemba

Mtu wa Nundu amewaambia vijana wale hakuna Georgette kwa dada wa Mama. Wamevunja mlango wetu, wamechukua redio na mbuzi. Moto ya Lionel wameichoma mbele ya kanisa. Yeye walimpiga, lakini kaka yake alikuwepo, akawaambia basi, inatosha. Tulimshona mimi na titulaire, nyuzi tisa. Hakulia kwa nyuzi, alilia kwa moto. Kwenye grupu ameandika: "Moto imeliwa. Muganga hakuikinga." Jioni Anatole alikuja kumchukua kwenda Ubwari.

Jumamosi, 6 Novemba

Hatukucheza. Ketsia ametoka kwenye grupu. Sikumwandikia. Nina hasira naye na nina hasira kwamba nina hasira naye, kwa sababu mimi ndiye niliyemchagua.

Jumatatu, 15 Novemba

Mvua kila siku. Nimempita Ketsia njiani, hakuinua macho, na mimi sikumsalimia.

Jumamosi, 27 Novemba

Mvua. Watoto wanne, mmoja amekufa. Hatukucheza.

Alhamisi, 9 Desemba

Namba ya Burundi imeniandikia: "Chef, nimepata simu. Jumamosi saa nane?" Nilipiga kelele kazini, mgonjwa akashtuka.

Anauza nyanya kwa shangazi Mukankuranga. Baba yake bado yuko na wakimbizi wenzake huko juu, amemsikia mara moja kwa simu ya mtu. Halafu akaandika: "Na Ketsia mumurudishe." Nikamjibu kwamba Ketsia alimtaja. Akajibu: "Njo alimuita Lionel. Murudishe, ao mi sichezi."

Nimekwenda kwa Ketsia na miguu yangu. Mjomba wake ndiye aliyenifungulia, hakunitazama. Ketsia alisema, "Atanitaka kweli?" Nikasema, "Amesema. Na mimi nisamehe, nilikubebesha mzigo ambao si wako." Tulikaa kidogo. Ilikuwa ngumu, lakini tulikaa.

Jumamosi, 11 Desemba

Saa nane, wote saba. Lionel na Anatole wako kwenye jiwe moja Ubwari, wanagombania sehemu kavu. Niliokota vikaratasi, nikawaandikia wote pembeni. Sikuchagua mimi, kikombe kilichagua: Chui ni Uwamwiza.

Kura ya kwanza. Vanessa: "Lionel, sababu anadanganyaka." Norbert: "Lionel, sawa na bibi yangu." Nikamwambia bibi si sababu, akasema basi, "Anapumua kwa nguvu." Anatole: "Lionel, namuona hapa, anaficha uso." Uwamwiza: "Lionel. Mabati yangu iko wapi?" Lionel akampigia Norbert, kwa kisasi. Hakuna aliyetaja jina la Uwamwiza, na kila mmoja alisikika akilikwepa, kama watu wanaopita pembeni ya mgonjwa aliyelala chini.

Ilibaki ya Ketsia. Alichelewa. Kisha sauti yake ikaja, ndogo.

"Mi napigia Uwamwiza."

Nikaandika kinachopaswa kuandikwa: sababu?

"Kila Jumamosi anaulizaka, leo munaanza na nani. Leo hakuuliza. Njo anaficha."

Nilifungua kurasa za nyuma. Ni kweli. Miezi yote nimeandika sababu za wengine, na hilo sikuliandika kama alama ya kitu chochote.

Uwamwiza akatuma vocal. Alikuwa anacheka, sokoni watu wanapiga kelele nyuma yake, anacheka mpaka anakohoa. "Asante, Ketsia," alisema. "We peke yako njo unacheza na mi."

Lionel amefukuzwa kijijini kwa kura nne. Anatole anasema ameshuka kwenye jiwe akinuna. Saa nane na dakika ishirini nikatangaza: usiku umeingia, mulale wote. Nje jua lilikuwa linakausha matope. Uwamwiza akaniandikia pembeni anamla nani, neno moja.

"Ketsia."